Mlelewa Pekee wa Neemani

Nchi ya Neemani haimo kwenye ramani, kwa sababu wachora ramani walipokwenda kuipima hawakuwa na kibali, wakarudishwa mpakani pamoja na kamba zao. Lakini ipo. Ina wimbo, ina bendera, na ina mawaziri wa kutosha. Haya yaliyompata Daktari Zamoyoni Kilumile yalitokea huko, na msomaji akiona yanafanana na ya kwao, basi ni kufanana tu, kama mapacha wanavyofanana.

Mambo yalianza kwa aibu. Waziri wa Afya na Sifa alialikwa kwenye mkutano wa nchi za nje. Wakiwa mezani, mgeni mmoja akamuuliza kwa upole madaktari wa Neemani wamefanya utafiti gani. Waziri alitafuna kwanza, akameza, akafuta mdomo. Kisha akasema, "Tafiti zetu ni nyingi sana, ila bado hazijaanza." Watu walicheka wakidhani ni mzaha, naye akacheka pamoja nao. Lakini ndani ya ndege ya kurudi nyumbani hakugusa chakula.

Mkuu wa nchi, ambaye cheo chake kamili ni Mlezi Mkuu, Baba wa Waliopo na Watakaokuja, alipopelekewa habari hizo alitoa tamko redioni. Kabla mwaka haujaisha, kila daktari anayetibu wagonjwa awe amefundishwa kufanya utafiti, na si kuufanya tu, bali kuwalea wengine waufanye. "Nataka nchi," alisema, "ambayo mtu akirusha jiwe, linampiga mlezi wa utafiti." Wananchi walishangilia sana, kwani mawe walikuwa nayo.

Tamko hilo lilimkuta Daktari Zamoyoni akila ugali na maharage peke yake, kama alivyokuwa akila tangu mumewe alipofariki, katika nyumba ya serikali nyuma ya hospitali ya Mlimachaka. Mlimachaka ni wilaya ya baridi, juu milimani, mahali ambapo serikali humpeleka daktari ikitaka kumsahau, na Zamoyoni alikuwa amesahauliwa vizuri. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyemtazama mgonjwa muda mrefu kabla ya kusema neno. Watu wa kule walimpenda kwa mapenzi yaliyochanganyika na woga. Wakiugua walimkimbilia. Wakipona, hakuna aliyebisha hodi kwake ili kuzungumza tu.

Aliposikia neno utafiti, tonge lilisimama mdomoni. Alikuwa na swali, na alikuwa nalo kwa miaka.

Wodi ya watoto njiti pale Mlimachaka ilikuwa na masanduku ya joto, zawadi ya Mama wa Taifa, kila moja likiwa na picha yake kwenye mfuniko, akitabasamu. Masanduku yalikuwa mazuri na yalitumia umeme. Sasa, katika Neemani umeme haukatiki, hupumzishwa. Ukipumzishwa usiku wa baridi, sanduku la joto hugeuka sanduku tu, na mtoto aliyemo ndani hupoa taratibu, picha ikitabasamu juu yake.

Msimu mmoja mwanamke muuza viazi aitwaye Tusekile alikataa. "Nimemtoa tumboni mwangu," alisema, "siwezi kumweka kabatini." Akamfunga mwanawe kifuani kwa kanga, ngozi kwa ngozi. Yule mtoto alikuwa mdogo kuliko wote, na kwa hesabu za Zamoyoni ilikuwa afe. Hakufa. Wiki ile walikufa wengine, wakubwa kuliko yeye.

Ilikuwa bahati ya Tusekile, au kilikuwa kifua? Zamoyoni hakujua, na kutojua huko kulimkera kama kipande cha nyama kilichokwama kati ya meno. Alimpelekea Mganga Mkuu wa hospitali swali hilo. Mganga Mkuu alimsikiliza huku akitia sahihi makaratasi.

"Daktari," alisema, "wewe umejaliwa wagonjwa wengi kiasi hiki. Maswali unayatafutia nini?"

Ndiyo maana alipoitwa mafunzoni mji mkuu, alifunga mizigo yake kama bibi harusi.

Chuo cha Ulezi wa Utafiti kilikuwa na ngazi pana za marumaru na ukumbi wenye viti vya kuzunguka. Mkufunzi mkuu alikuwa Profesa Mwinyikombo, ambaye mgonjwa wa mwisho kumgusa alikuwa yeye mwenyewe alipougua matubwitubwi. Siku ya kwanza alisimama mbele ya madaktari wa nchi nzima, akatulia hadi kikohozi cha mwisho kikaisha.

"Mtafiti wa kweli," alisema, "huanza na jibu. Swali ni la mtu asiyejua. Na mtu asiyejua anatafuta nini chuoni?"

Madaktari waliandika. Walifundishwa namna mlezi anavyoketi, namna anavyoshika kidevu, na namna ya kusema "inavutia" kwa sauti inayomfanya mwenzako ajione amesifiwa na papo hapo ajione mjinga. Walitumia siku kadhaa kujifunza kuweka mkono begani mwa mlelewa. Mlelewa ndilo jina sheria ilimpa yeyote atakayelelewa. Hapakuwa na mlelewa wa kufanyia mazoezi, hivyo walitumia viti.

Zamoyoni alinyoosha mkono. "Profesa, samahani. Nikitaka kujua kama watoto njiti wanaobebwa kifuani wanaishi kuliko wanaolazwa sandukuni, niwagaweje ili nisije nikajidanganya mwenyewe?"

Viti vyote vya ukumbini vilizunguka kumtazama. Profesa alivua miwani.

"Dada yangu, hilo ni la muhula wa pili."

"Muhula wa pili unaanza lini, Profesa?"

"Hakuna muhula wa pili."

Tangu siku hiyo alikula chakula cha mchana peke yake. Wenzake hawakumchukia, waliogopa tu kuketi karibu na mtu aliyeuliza swali, maana katika Neemani swali huambukiza. Ili asikae bure alikwenda maktaba. Humo alikuta kitabu kimoja kikuukuu kinachoeleza utafiti unavyofanywa hasa. Kilikuwa kimetumiwa kuzuia dirisha lisijifunge. Alikisoma amesimama palepale, kwa kuwa mtunza maktaba alikataa kukitoa dirishani, na upepo ulimfunulia kurasa hata kabla hajazimaliza.

Mwaka ulipokaribia kuisha madaktari wote walihitimu. Walivikwa beji za dhahabu bandia, na Mlezi Mkuu akatangaza kwamba Neemani imekuwa nchi ya kwanza duniani ambayo kila tabibu wake ni mlezi wa utafiti. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba sheria inamtaka kila mlezi awe na mlelewa, na walelewa hawapo, kwa sababu kila mtu ni mlezi.

Ilikuwa taharuki. Bingwa mmoja wa macho alimwandikisha fundi wake wa cherehani. Mwingine alimlea mkewe, mpaka mkewe akarudi kwao. Hakuna daktari aliyekubali kushuka awe mlelewa wa mwenzake, kwani ingebidi avue beji.

Zamoyoni alivua yake. Alikwenda wizarani akaiweka mezani, akasema, "Mimi nataka kulelewa. Sijui kufanya utafiti, na ningependa mtu anionyeshe."

Waziri mwenyewe alitoka ofisini kuja kumwona. Jioni ile ile redio ikatangaza kwamba Taifa limepata mlelewa. Na kwa kuwa alikuwa mmoja tu, Wizara, kwa haki, ilimgawa kwa wote. Madaktari wote wa Neemani wakawa walezi wa Zamoyoni Kilumile. Kama kulikuwa na mtu duniani mwenye walezi wengi kuliko yeye, basi hakujulikana.

Akarudi Mlimachaka kuwangoja.

Hawakuja. Mlimachaka ni mbali, na barabara yake hupitika kwa maombi. Badala yake walianzisha kipindi redioni, "Salamu za Ulezi", kila jioni baada ya taarifa ya habari. Zamoyoni aliketi na sahani yake, akasikia sauti asizozijua zikitaja jina lake. "Mimi ni Daktari Fulani wa hospitali ya rufaa. Namsalimu mlelewa wangu Daktari Zamoyoni popote alipo. Ujumbe wangu: mwenda pole hajikwai." Mwanzoni alikuwa akijibu, "Ahsante," kwa sauti, ndani ya nyumba tupu. Baadaye aliacha.

Akaanza peke yake. Aliwaeleza kina mama kwa lugha nyepesi kwamba hajui kipi bora, kifua au sanduku, na kwamba anataka kujua. Aliyekubali alitia mkono ndani ya kikombe akachota punje bila kuangalia. Punje ya hindi, kifuani. Punje ya harage, sandukuni. Sista Melania, muuguzi wa wodi, alimsaidia kupima joto la watoto, lakini alikuwa na watoto wake nyumbani na miguu iliyovimba.

"Daktari, mimi nakupenda," alimwambia siku moja, akivaa sweta la kuondokea. "Lakini kila nikitaka kwenda nyumbani unaniuliza ninafikiri nini. Mimi sifikiri kitu. Nimechoka."

"Nenda, Sista. Samahani."

Ilipofika katikati ya msimu wa baridi, Zamoyoni alianza kuona. Watoto wa hindi walinyonya, wakaongezeka. Watoto wa harage, umeme ukipumzishwa, walipoa. Lakini kile kitabu cha dirishani kilisema mtu asiharakishe kuamini kile anachotamani kukiona. Je, alikuwa ameona vya kutosha? Alikuwa na haki ya kusimamisha? Au tuseme alikuwa na haki ya kuendelea?

Hilo ndilo swali mtafiti humpelekea mlezi wake. Akawaandikia wote barua yenye maneno yale yale: "Walezi wangu, watoto wa masanduku wanakufa zaidi. Nadhani nimeona, lakini sina hakika. Nisimamishe? Tafadhali yeyote anijibu."

Alingoja majibu redioni siku kadhaa. "Namsalimu mlelewa wangu wa Mlimachaka. Ujumbe: mkulima haachi jembe shambani." Mwingine alimpigia wimbo.

Wakati akingoja, binti mmoja mgeni alichota punje ya harage. Alimtazama Zamoyoni usoni, akauliza, "Hii ndiyo nzuri, mama?" Zamoyoni akamjibu ukweli, kwamba bado hajajua. Mtoto alilazwa chini ya picha. Umeme ukapumzishwa siku mbili mfululizo kwa heshima ya sikukuu ya umeme, na mtoto akafa.

Asubuhi ile Zamoyoni alimwaga punje zote chini. Tangu hapo kila mama akabeba mwanawe kifuani. Hakumwuliza mtu tena. Alikwenda nyuma ya jengo la kufulia, mahali ambapo hakuna mgonjwa angemwona, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakulia, alikaa tu, akitamani angalau mtu mmoja wa kumwambia kwamba amechelewa, au kwamba hakuchelewa. Lolote kati ya hayo mawili lingemfaa.

Mwaka uliofuata aliitwa mji mkuu kuwasilisha matokeo ya utafiti wa kwanza wa Neemani. Walezi wote walikuja. Majina yao yalitangulia kusomwa kama washiriki, na usomaji huo ulichukua asubuhi nzima. Kisha Zamoyoni akapewa muda wa kumaliza glasi moja ya maji. Alisema kwa kifupi alichofanya, akasema alichoona: katika wodi yake, watoto waliobebwa kifuani waliishi zaidi kuliko waliolazwa sandukuni.

Waziri alisogeza kipaza sauti.

"Ili nielewe," alisema. "Unasema kifua cha muuza viazi kina joto kuliko zawadi ya Mama wa Taifa?"

"Umeme ukikatika, Mheshimiwa, ndiyo."

"Umeme haukatiki."

"Ukipumzishwa, Mheshimiwa."

"Na nani alikulea mpaka ukafika kwenye matokeo kama haya?"

Zamoyoni aliwatazama, safu kwa safu. Bingwa wa macho alisimama wa kwanza akasema yeye alimsalimu mara moja tu, tena kwa sauti ndogo. Wa pili akasema alidhani utafiti unahusu kuku. Wakasimama mmoja baada ya mwingine wakimkana, na kukana huku nako kukachukua muda, hadi chakula kikapoa. Mwisho Waziri akasimama, uso umemnawiri, kama mtu aliyepata suluhisho.

"Ndugu wananchi, mwanamke huyu hana mlezi, kwa hiyo si mlelewa. Na kama si mlelewa, basi kuanzia leo Neemani haina mlelewa hata mmoja. Nchi yote imekwisha kulelewa."

Walipiga makofi wamesimama.

Zamoyoni alirudishwa Mlimachaka na agizo kwamba watoto warudi sandukuni. Wakaguzi walikuja, kweli. Lakini walipofika mbele ya masanduku waliikuta ile picha, wakavua kofia, na hakuna aliyethubutu kumfunua Mama wa Taifa ili achungulie chini yake. Waliandika kwamba yote ni shwari, wakaondoka. Masanduku yakabaki matupu na yenye heshima, na kina mama wakaendelea kutembea wodini vifua vimevimba. Kipindi cha salamu kilifutwa. Jioni sasa ziliishia kwenye taarifa ya habari, na baada yake ulipigwa wimbo wa taifa, kisha kimya. Zamoyoni alishangaa kujikuta akizikosa hata zile methali.

Msimu wa mvua ulipoanza, lori la mbao lilimshusha mbele ya hospitali mwanamume wa makamo, suruali imejaa matope hadi magotini. Alijitambulisha kuwa ni Daktari Habakuki Senzige, wa hospitali ya Bondebaridi, upande wa pili wa milima. Zamoyoni alimkumbuka. Alikuwa miongoni mwa waliosimama kumkana.

"Kama umekuja kunilea, umechelewa," alimwambia. "Nimefutwa."

"Sikuja kukulea, dada." Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, na beji haikuwepo kifuani. "Nimekuja kuuliza. Na kabla sijauliza, kuna jambo. Lile swali lako, kama usimamishe. Lilinifikia. Nililisoma mara nyingi. Sikujibu kwa sababu sikujua jibu."

Zamoyoni alimtazama kama alivyozoea kumtazama mgonjwa, mpaka yule bwana akaanza kutazama barabara aliyojia.

"Ungeniambia hivyo hivyo," alisema hatimaye. "Kwamba hujui. Ningekuwa nimepata mwenzangu."

"Nilifundishwa kwamba mlezi hasemi hivyo."

"Nilikuwepo. Njoo ndani, umelowa."

Alimpikia chai ya tangawizi, akajikuta hana kikombe cha pili. Akampa chake, yeye akanywea bakuli. Senzige akaeleza. Kule Bondebaridi alianza kwa siri kuwafunga watoto njiti vifuani mwa mama zao, na wanaishi. Lakini sasa ana mtoto ambaye mama yake amekufa katika kumzaa. Nyanya hayupo, shangazi hayupo. Yupo baba tu, mchoma mkaa, mtu wa kifua cha mifupa mitupu.

"Nimemfunga kwa baba yake nikaja huku," alisema. "Nimemwachia muuguzi. Je, kifua cha baba kinafaa? Au ni cha mama tu? Kuna kitu ndani ya mama ambacho sisi wanaume hatuna?"

Zamoyoni aliweka bakuli chini.

"Sijui," alisema. "Hilo sikulipima."

Senzige aliitikia kwa kichwa taratibu. Hakushika kidevu kama walivyofundishwa chuoni. "Tungelipimaje?"

Hakuna aliyewahi kumwambia Zamoyoni neno "tungelipimaje". Alivuta kiti. Walizungumza hadi chai ikapoa, wakibishana kama baba apimwe mchana na usiku, kama mchoma mkaa ana joto jingine kwa kazi yake, kama mtoto anayenyweshwa kwa kijiko alinganishwe na anayenyonya. Mara mbili Zamoyoni alimwambia amekosea, na mara moja Senzige akamwambia yeye amekosea, na ilikuwa kweli, akafurahi mpaka akaona haya. Kisha walikwenda wodini, Zamoyoni akamfundisha fundo la kanga lisilolegea mtoto anapokohoa. Lori liliporudi kesho yake, Senzige aliparamia juu ya mbao akaenda zake.

Nyumba ikawa kimya tena, kuliko hata mwanzo. Wiki hiyo redio ilitangaza kwamba Neemani imejitunuku nishani ya nchi isiyo na swali hata moja. Zamoyoni aliipunguza sauti. Alikuwa amemfunga kifuani kwake mtoto wa binti aliyekuwa akihangaika na homa kali wodi ya pili, asiyeweza kubeba. Yeye hakuwahi kuzaa. Alikuwa akimpima yule mtoto tangu asubuhi, naye alikuwa na joto zuri, na alilala mdomo wazi, akimlowesha mate chini ya mtulinga.

Simu ikaita. Ilikuwa Bondebaridi.

"Wangu amekunywa maziwa," alisema Senzige. "Baba yake amekataa kumshusha hata kwa kula. Wewe una habari gani?"

"Ninaye mmoja hapa. Kwangu mwenyewe."

"Joto?"

"Zuri."

"Kwa nini, unafikiri?"

"Sijui, kaka."

"Hata mimi."

Mvua ilisikika ikinyesha huku, na kwenye simu ikasikika ikinyesha kule, na hakuna aliyekata.